Njia Isiyokuwapo Mukhulu

Asubuhi setilaiti ya saba ilipofungua jicho lake juu ya Afrika Mashariki, wafanyakazi wote wa Kituo cha Ramani Hai mjini Singida waliacha viti vyao wakasimama mbele ya ukuta wa kioo. Ukuta huo ulikuwa na kimo cha nyumba ya ghorofa tatu, na juu yake nchi ilionekana kama anavyoiona mtu aliye angani: mashamba ya alizeti, mitambo ya upepo iliyojipanga kwenye matuta, maziwa mawili ya maji ya chumvi yakimetameta kando ya mji. Mhandisi Zaituni Njiku akasogea mbele. Hakupaza sauti.

"Vua udongo," alisema.

Ardhi ikavuliwa. Majani yalitoweka, kisha mchanga, kisha tabaka la kokoto, na kilichobaki ukutani ni kile kilichokuwa kimelala chini. Mto uliokauka maelfu ya miaka iliyopita ulionekana ukijipinda chini ya nyika. Bomba la maji ambalo halmashauri ilikwisha kulisahau lilionekana likivuja chini ya shamba la mtama. Upande wa kaskazini yalijitokeza maduara zaidi ya mia mbili, na watu wakaulizana ni nini, mpaka Zaituni alipowaeleza kuwa ni mazizi ya zamani. Samadi ya ng'ombe hurutubisha udongo kwa karne nzima na zaidi, na pale lilipokuwa zizi nyasi huota kwa namna yake hata wenye ng'ombe wakiwa wamesahaulika. Hapo ndipo watu walipopiga makofi.

Setilaiti za zamani zilikuwa zikipiga picha za mwanga tu, yaani zilionyesha ngozi ya dunia. Hii mpya ilibeba rada-penyezi. Ilituma mawimbi marefu yaliyopita kwenye udongo mkavu kama sauti inavyopita ukutani, yakagonga kilichomo, yakarudi na habari. Jiwe lilijibu kwa namna yake, maji kwa namna yake, na chuma kilijibu kwa nguvu kuliko vyote. Akili mnemba iliyoitwa Mchoraji ilizisoma habari hizo na kuzichora, na mtu yeyote mwenye kioo cha mkononi aliweza kufungua ramani mtandaoni akazitazama. Mwezi haukwisha, wachunguzi wa popo wa Tanga walikuwa wamepata mapango kumi na mawili yasiyojulikana, na wafugaji wa Simanjiro hawakuhamisha mifugo yao kabla ya kuiuliza ramani maji yako wapi.

Zaituni alikuwa na miaka arobaini na miwili, na kumi na minane kati ya hiyo alikuwa ameitumia kituoni hapo. Aliiamini ramani kwa moyo wote, na alikuwa na sababu. Tarehe kumi na nne ya mwezi uliofuata, wajumbe wa nchi saba wangekusanyika Singida kumpa Mchoraji kile kilichoitwa muhuri. Kuanzia siku hiyo, njia yoyote ambayo Mchoraji angeichora ingeingia moja kwa moja kwenye magari yajiendeshayo ya nchi zote saba bila jicho la binadamu kuikagua. Hotuba ya kuutetea muhuri huo aliiandika Zaituni mwenyewe.

Zilikuwa zimebaki siku sita mama mmoja alipofika mapokezi, akakataa kujaza fomu ya mtandaoni, akasema atasubiri. Alisubiri tangu saa mbili asubuhi hadi saa tano, mkoba magotini, mgongo umenyooka. Zaituni alipopita akaona aibu.

"Shikamoo mama. Umesaidiwa?"

"Marahaba mwanangu. Nimesikia redioni kwamba chombo chenu kinaona chuma kilichozikwa."

"Kinaona, mama."

"Basi nitafutie gari la mume wangu."

Aliitwa Foibe Hango. Mumewe, Lameki, alikuwa dereva wa gari la damu katika hospitali moja ya kanda. Tarehe kumi na moja Machi mwaka 2063 alitoka asubuhi na chupa sita za damu, akimpelekea mama aliyekuwa akijifungua katika zahanati ya Msimbe. Hakufika. Damu nyingine ilipelekwa kwa ndege nyuki isiyo na rubani na yule mzazi akapona, lakini Lameki hakuonekana tena, wala gari lake. Polisi walitafuta barabara kuu yote, kila daraja na kila korongo. Halafu maneno yakaanza.

"Walisema ameliuza gari nje ya nchi," Bi Foibe alisema, akitazama mikono yake. "Wengine wakasema ana mke huko. Kwenye kwaya waliacha kunipigia simu za mazoezi, basi nikaelewa. Binti yangu Tunu alikuwa amechumbiwa. Wakwe wakaja na maneno mazuri sana ya kuvunja uchumba. Miaka kumi na minane, mwanangu, naitwa mke wa mwizi na watu wanaonisalimia kwa heshima zote."

Zaituni alimpeleka ukumbini, akamvutia kiti mbele ya ukuta.

Kabla ya kuvua udongo alifungua ghala la picha. Tangu mwaka 2059 setilaiti zilikuwa zikipiga picha ya kila mahali mara kadhaa kwa siku, na hakuna picha iliyotupwa. Aliita tarehe ile, akamfuata Lameki kama mtu anavyofuata nyayo. Saa tatu na dakika tano lilionekana doa jeupe likitoka hospitalini. Saa nne na dakika ishirini mawingu yaliachana kidogo, na doa lile lile likaonekana mbali na mji, kwenye njia panda. Halikuwa likielekea barabara kuu. Lilikuwa limegeuza uso kusini, kwenye ukingo wa mbuga ya Mukhulu, tambarare ya udongo mweusi inayojaa maji wakati wa masika.

"Huku anafuata nini?" Zaituni alijiuliza kwa sauti.

Picha zilizofuata zilikuwa za mawingu matupu. Siku nne baadaye mbingu ilipotakata, mbuga yote ilikuwa maji.

Wakati huu Mukhulu ilikuwa kavu. Kiangazi cha miaka miwili kilikuwa kimeukausha ule udongo mweusi mpaka ukapasuka, na wimbi la rada liliweza kushuka mahali ambapo kwenye tope lisingepita. Zaituni akatoa amri. Mbuga ikavuliwa. Katikati yake palitokea umbo la lambo la zamani, shimo la kunyweshea ng'ombe lililokwisha kufukiwa na matope ya mafuriko, na ndani ya lambo, mita tatu chini, palikuwa na mstatili wenye kona kali, urefu wa mita nne na nusu, upana wa mbili. Ulijibu kwa sauti ya chuma.

Bi Foibe alisimama. Akaenda mpaka kwenye ukuta, akaweka kiganja juu ya ule mstatili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Zaituni akasimama karibu naye bila kumgusa, kwa maana hakujua kama anaruhusiwa.

"Kumbe ulikuwa hapa," Bi Foibe alisema hatimaye. "Kilomita arobaini tu kutoka nyumbani. Kumbe ulikuwa hapa hapa." Akajifuta uso kwa khanga, akageuka. "Lakini alifuata nini mbugani, masika? Lameki hakuwa mtu wa kubahatisha. Alifuata kielekezi cha gari kama askari anavyofuata amri. Tulikuwa tukimcheka."

Ramani ya sasa haikuwa na njia yoyote Mukhulu. Polisi nao, miaka kumi na minane iliyopita, walikuwa wameitazama ramani siku kadhaa baadaye wakaona mbuga tupu, ndiyo maana hawakukanyaga huko. Lakini ramani, kama picha, nayo ilikuwa na historia yake. Kila mstari ulioongezwa au kufutwa uliandikwa. Zaituni aliomba toleo la tarehe kumi na moja Machi 2063.

Mstari ulitokea. Ulikata mbuga katikati, kilomita kumi na nne, ukimpunguzia dereva wa kwenda Msimbe dakika hamsini. Zaituni aliuelewa mara moja. Kiangazi, ng'ombe wakienda lamboni hukanyaga njia pana iliyonyooka, na kutoka angani njia hiyo hufanana na barabara ya vumbi. Mchoraji, aliyekuwa bado mchanga wakati huo, aliiona picha ya Oktoba akaichora barabara. Mstari uliingia kwenye ramani tarehe mbili Machi. Tarehe kumi na tano, Mchoraji alipoona maji, aliufuta mwenyewe, bila kumwambia mtu. Ulikuwa umeishi siku kumi na tatu.

Chini ya mstari paliandikwa: *Amechora: Mchoraji. Amethibitisha: mtumishi 0417. Muda wa ukaguzi: sekunde mbili.*

Namba 0417 ilikuwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa Zaituni.

Hakuikumbuka njia ile. Alijaribu, hakuikumbuka kabisa. Alichokumbuka ni majira yenyewe: wiki zake za kwanza kazini, mistari ikipita kwenye kioo, yeye akibonyeza *thibitisha, thibitisha*, na msimamizi akimsifu kuwa ana mkono mwepesi. Siku ile peke yake, daftari la mfumo lilisema, alithibitisha njia elfu moja mia moja na thelathini.

"Kuna nini, mwanangu?" Bi Foibe aliuliza.

Zaituni alizima kioo. "Ramani ilikuwa na kosa, mama. Lilikuwepo kosa, na mumeo alilifuata. Naomba kwanza tumtoe. Kisha nitakueleza kosa hilo lilikuwa la nani. Nakuahidi."

Mchana huo alikwenda kwa mkurugenzi, Dokta Isaka Mwiru, akamwekea mbele karatasi yenye mistari mitatu ile. Dokta Mwiru aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu mpole, na ndiye aliyemfundisha Zaituni karibu kila alichokijua.

"Pole," alisema. "Pole sana. Lakini Zaituni, Mchoraji wa leo si yule. Leo hawezi kuchanganya njia ya ng'ombe na barabara. Unajua hivyo kuliko mimi."

"Najua."

"Basi subiri siku sita. Muhuri ukishapita, tutalitangaza, tutaomba radhi, tutafanya kila kitu."

"Muhuri unasema binadamu hahitajiki kukagua, Dokta. Na mimi ndiye niliyeandika kwamba katika miaka ishirini hakuna aliyewahi kupotezwa na ramani yetu. Sentensi hiyo iko kwenye ukurasa wa pili."

"Hukujua."

"Sasa najua."

Dokta Mwiru alivua miwani akaisugua kwa muda mrefu. "Wakitukatalia, kazi ya miaka kumi itakwenda na maji."

"Kazi haiendi popote. Setilaiti ziko juu, zinaona. Leo zimempata mtu ambaye nchi nzima ilimkosa. Mimi siionei aibu ramani hii hata kidogo. Nataka tu tuache kusema uongo juu yake."

Kuchimba kulichukua siku mbili. Mitambo-fuko minne ilitoa udongo mweusi taratibu, kijiko kwa kijiko, na watu wa vijiji vya jirani walikuja wakakaa pembeni wakinong'ona. Wengine kati yao walikuwa wale wale waliosema yale maneno ya nje ya nchi. Siku ya pili, jua likiwa utosini, paa la gari likatokea. Lilikuwa bado jeupe mahali mahali. Ndani, Lameki Hango alikuwa kwenye kiti chake, mkanda umefungwa. Sanduku la damu lilikuwa limefungwa kwa kamba kwenye kiti cha pili ili lisitikisike.

Tunu, ambaye sasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, alilia mpaka akakaa chini. Mzee mmoja wa kanisa alisogea kwa Bi Foibe akaanza kusema neno. Bi Foibe akainua mkono, naye akanyamaza.

Zaituni alisubiri mpaka mabaki ya Lameki yalipofunikwa. Kisha akaenda, akapiga magoti kwenye udongo, akatoa kitambulisho chake na ile karatasi.

"Mama, nilikuahidi. Njia hii aliichora mashine. Aliyetakiwa kuikagua kabla ya kumfikia mumeo ni mimi. Niliitazama kwa sekunde mbili."

Bi Foibe aliichukua karatasi akaisoma pole pole, akilinganisha namba na kitambulisho, tarakimu moja moja. Tunu aliruka akasimama.

"Wewe?" alisema. "Halafu unakuja kututafutia, unajifanya mwema?"

"Tunu, tulia."

"Nitulie nini, mama? Sekunde mbili! Hata kuku tunamtazama zaidi ya hapo kabla ya kumnunua!"

Bi Foibe alikunja karatasi mara nne akaitia mkobani mwake, kama mtu anayekusudia kuitunza.

"Ungeweza kunyamaza," alisema. "Mimi nisingejua kamwe."

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu wewe ulimpoteza, na wewe ndiye umenirudishia jina lake. Nikitazama moja nasahau jingine. Sijui nikufanye nini." Akavuta pumzi. "Inuka, udongo huu una miba. Binti yangu hatakusamehe leo, na mimi sitamlazimisha. Lakini mazishi ni keshokutwa, na wewe utakuja."

Zaituni alikwenda mazishini. Alikaa nyuma, akala alichopewa, hakuna aliyemfukuza.

Siku ya muhuri, ukumbi ulijaa wajumbe. Zaituni alipanda jukwaani na hotuba yake ile ile, akaisoma mpaka mwisho wa ukurasa wa kwanza, mazizi na mapango na maji ya wafugaji, na sauti yake ilikuwa na fahari ya kweli. Ukurasa wa pili akauweka kando. Akamtaja Lameki Hango kwa jina lake lote, akaonyesha mstari ule ukutani, akaonyesha namba yake mwenyewe.

"Mashine haikudanganya," alisema. "Ilisema ilichokiona. Mimi ndiye niliyesema nimeona, nami sikuwa nimeona. Naomba muhuri usitolewe. Kila njia mpya ipitwe na mtu, kiangazi na masika, na aliyepita aandike jina lake, si namba."

Mjumbe mmoja alisimama. "Mhandisi, unajua hilo litachukua miaka mingapi?"

"Saba, nimepiga hesabu. Naomba niwe wa kwanza kupangiwa."

Walibishana hadi alasiri. Nchi nne zilikubali ombi lake, tatu zikasema zitafikiri, na muhuri ukabaki sandukuni. Dokta Mwiru hakumsemesha siku hiyo. Kesho yake alimkuta Zaituni akikusanya vitu vyake mezani, akamsaidia kubeba boksi hadi ghorofa ya chini, mahali palipotengwa kwa ajili ya idara mpya ya wapitanjia, ambayo bado ilikuwa na kiti kimoja.

Wiki tatu zilipita kabla Bi Foibe hajarudi kituoni. Safari hii mapokezi hawakumwambia habari za fomu.

"Nina ombi jingine," alisema alipokwisha kukaa. "Lile ghala lenu la picha. Linaweza kunionyesha nyumbani kwangu, asubuhi ile ile?"

Zaituni alitafuta. Ilikuwepo picha moja, ya saa moja na dakika kumi na mbili, kabla Lameki hajakwenda hospitalini kuchukua gari. Bati la nyumba, ua wa minyaa, kichaka cha michungwa. Karibu na lango palikuwa na nukta nyeusi, na kwa kuwa jua lilikuwa chini, kivuli chake kilikuwa kirefu mara nne kuliko nukta yenyewe.

"Huyu ni yeye," Bi Foibe alisema mara moja.

"Inaelekea, mama. Setilaiti za wakati ule zilimwonyesha mtu kama punje tu."

"Ni yeye. Na hii?"

Nyuma ya nukta ya kwanza, hatua mbili tatu, palikuwa na nyingine. Kivuli cha nyuma kilikuwa kimelala juu ya kivuli cha mbele.

Bi Foibe alisogeza kiti. Alitazama kwa muda mrefu sana.

"Tuligombana asubuhi ile," alisema. "Jambo la kijinga, viatu vya Tunu vya chuo. Akatoka bila kumaliza chai. Mimi nakumbuka nimekaa jikoni, nimenuna. Miaka yote hii nimejiuliza kama nilitoka kumuaga au sikutoka. Kuna siku naona nilitoka. Kuna siku naona najidanganya." Aligusa kioo kwa ncha ya kidole. "Hii ya nyuma ni mimi?"

Kazi ya Zaituni, kwa miaka kumi na minane, ilikuwa kusema kilichomo kwenye picha. Alijua nukta ile ingeweza kuwa Tunu akienda chuoni. Ingeweza kuwa jirani aliyekuja kuomba moto. Akavuta kiti chake karibu na cha Bi Foibe, akainama, na kwa mara ya kwanza hakuharakisha.

"Sijui, mama," alisema. "Tuitazame pamoja."

Wakaitazama, mpaka jua la nje likahama dirishani, na Bi Foibe, bila kuondoa macho kwenye kioo, akaanza kutabasamu.